Kabla hujauza cherehani ukawe mlinzi Afrika Kusini

Mara ya mwisho nilipopeleka vitenge Lilongwe kupitia Kasumulu, kijana mmoja Mkongomani alinifuata sokoni Tsoka. Anaishi kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka hapo. Alitaka ninunue cherehani yake apate nauli.

“Mzee, nakwenda Afrika Kusini. Ulinzi ndiyo kazi isiyomkataa mgeni,” aliniambia.

Sikuinunua. Nilimwomba tukae kwanza, maana nilijua amedanganywa.

Simlaumu kwa kutaka kuondoka. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, iliweka masharti yanayobana vipengele vya ajira na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali ikaamuru wakimbizi walioko mijini warudi Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa watu wachache kuliko waliopo.

Lakini Afrika Kusini nako kuna sheria. Sheria Namba 56 ya mwaka 2001 inamtaka kila mlinzi wa kulipwa asajiliwe na mamlaka ya ulinzi binafsi. Awe na miaka 18 au zaidi, awe amepata mafunzo, asiwe na hatia ya makosa yaliyotajwa katika miaka 10 iliyopita. Zaidi ya hayo, awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Anayelinda bila usajili anatenda kosa.

Je, mkimbizi hana msamaha? Wakimbizi walionyimwa usajili waliuliza swali hilo hadi Mahakama ya Katiba. Desemba 2006 majaji waligawanyika, na walio wengi wakasema sharti la uraia si ubaguzi usio wa haki. Sababu yao ilikuwa kifungu cha 23(6): mamlaka inaweza kumsajili mwombaji asiyetimiza masharti, akionyesha sababu nzuri isiyopingana na lengo la sheria. Mahakama ikataka wakimbizi waelezwe kuhusu kifungu hicho.

Ndugu msomaji, hapo ndipo wengi wanapokosea. Msamaha huo haumfuati mtu kwa kuwa ni mkimbizi. Unaombwa, kwa maandishi na kwa ushahidi, na unaweza kukataliwa. Tena wale waliokwenda mahakamani walikuwa wametambuliwa kuwa wakimbizi na Afrika Kusini yenyewe. Kadi ya Dzaleka haichukui nafasi ya utambuzi huo.

Kwa hiyo anayekuahidi sare na lindo siku ya kufika, mwulize mambo mawili: nitasajiliwa kwa kifungu gani, na kwa karatasi ipi? Akikuambia usijali, jua kwamba siku ya ukaguzi atakayeshikwa ni wewe.

Kijana alinisikiliza hadi mwisho. Hakusema atabaki, hakusema atakwenda. Alifunga cherehani yake kwa kamba, akaenda kutafuta gari la Dowa.