Mwanza hadi Dar kwa ndege ni saa moja na nusu, ila ukitokea Turwa ni safari ya siku nzima

Msikilizaji wetu, ukipigiwa simu kwamba mzazi wako amelazwa Muhimbili, wazo linalokuja haraka ni kupanda ndege. Lakini safari hiyo huchukua muda gani hasa? Leo tupige hesabu pamoja.

Uwanja tunaoutegemea zaidi sisi wa Tarime na Serengeti ni wa Mwanza. Kutoka hapo hadi Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni takribani kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara, kupitia Shinyanga, Singida na Dodoma, ni zaidi ya kilomita 1,100.

Muda wa kuwa angani hutegemea aina ya ndege. Airbus A220 ya Air Tanzania ni ya jeti, na ikishafika juu hukimbia kilomita 800 kwa saa au zaidi. Dash 8 Q400 ya shirika hilohilo, ile yenye mapanga, huenda kama kilomita 650 kwa saa. ATR ya Precision Air huenda karibu kilomita 500. Kila ndege hutumia dakika kadhaa kupanda, kushuka na kutembea uwanjani. Ndiyo maana jeti huchukua takribani saa 1 na dakika 20, Q400 saa 1 na dakika 40 hivi, na ATR karibu saa 2.

Sasa turudi nyumbani. Tarime hadi Mwanza ni karibu kilomita 300, na basi hutumia saa tano hadi sita. Ukishuka stendi ya Nyamhongolo, bado una safari ya kwenda uwanjani. Na uwanjani unatakiwa ufike saa mbili kabla ya ndege kuondoka, maana dirisha la kupokea abiria na mizigo hufungwa mapema.

Kwa hiyo, kama ndege inaondoka saa tisa alasiri, toka Tarime saa kumi na mbili asubuhi au kabla. Dar utatua jioni, wakati wa foleni, na Muhimbili unaweza kufika giza limeingia. Yaani saa kumi na mbili au zaidi za safari, na angani umekaa saa moja na nusu tu.

Jambo la mwisho ndilo linaloweza kukugharimu nauli yote. Saa ya kwenye tiketi haisomwi kama tunavyosoma saa zetu. Ikiandikwa 07:00, ni saa moja asubuhi, siyo saa saba mchana. Ikiandikwa 15:00, ni saa tisa alasiri. Ukija saa saba mchana kufuata ndege ya 07:00, utakuta imeondoka saa sita zilizopita. Na kwa ndege ya asubuhi hiyo, lazima ulale Mwanza.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: ndege inaondoka saa ngapi kwa saa zetu, dirisha linafungwa saa ngapi, na mzigo unaruhusiwa kilo ngapi. Ukishapata majibu, ndipo utafute basi la kukuwahisha.