Faili Linapobadilishwa Jina

Git haina mahali popote inapoandika kwamba faili fulani limebadilishwa jina. Mfumo huu wa kudhibiti matoleo, ulioanzishwa na Linus Torvalds Aprili 2005 kwa ajili ya kerneli ya Linux, huhifadhi hali ya mradi mzima katika kila hatua. Majina hukaa kwenye orodha za folda. Yaliyomo ndani ya faili huwekwa kando, chini ya namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo yenyewe. Faili likihamishwa bila kuguswa ndani, namba haibadiliki. Hata amri ya git mv haiachi alama yoyote ya pekee. Hufuta jina la zamani na kuingiza jipya, basi.

Mifumo mingine ilipita njia nyingine. Katika CVS historia ilifungwa kwenye jina, hivyo jina likibadilika historia ilikatika. Subversion, iliyofikia toleo 1.0 mwaka 2004, huchukulia badiliko la jina kuwa ni kunakili kisha kufuta. Bazaar ililipa kila faili kitambulisho cha kudumu. Torvalds aliukataa mwelekeo huo kwa hoja nzito: msimbo mara nyingi huhama kipande kwa kipande kutoka faili hadi faili, na kitambulisho cha faili hakiwezi kuona uhamaji wa namna hiyo.

Kwa hiyo Git hukisia. Inapolinganisha hali mbili, hukusanya majina yaliyotoweka na majina yaliyozuka. Yenye namba moja huoanishwa papo hapo. Yanayosalia hulinganishwa kwa yaliyomo, na mafaili mawili yakifanana kwa asilimia 50 au zaidi huhesabiwa kuwa faili moja lililobadilishwa jina. Kazi hii ni nzito: majina 1,000 yaliyotoweka dhidi ya 1,000 yaliyozuka ni ulinganisho milioni moja, ndiyo maana kuna kikomo cha idadi.

Makisio hayo huonyesha thamani yake wakati wa kuunganisha matawi. Tuseme katika tawi moja faili la malipo.py limeitwa ankara.py, na katika tawi jingine mtu amesahihisha hesabu ya kodi ndani ya malipo.py. Git hutazama hali tatu: ncha za matawi yote mawili na asili yao ya pamoja. Ikigundua kwamba malipo.py ndiyo ankara.py, sahihisho la kodi hupelekwa moja kwa moja kwenye jina jipya. Isipogundua, huona faili lililofutwa upande mmoja na kurekebishwa upande wa pili, ikatangaza mgongano.

Watunzi wa programu hushauriana kutenga badiliko la jina katika hatua yake peke yake. Ushauri huo ni mzuri kwa anayesoma historia, lakini haumsaidii sana anayeunganisha, kwa kuwa hatua za katikati hazitazamwi. Faili lililopewa jina jipya kisha likaandikwa upya karibu lote litapotea machoni mwa Git hata kama kazi hizo zilitenganishwa. Dawa ya kweli ni kulifikisha jina jipya kwenye matawi mengine mapema, kabla maandishi hayajabadilika sana. Hapo asili ya pamoja nayo husogea mbele, na ulinganisho huanzia kwenye jina jipya.

Tangu toleo 2.18 la mwaka 2018, Git hukisia pia uhamaji wa folda nzima, ili faili jipya lililowekwa katika folda ya zamani lifuate wenzake. Mwaka 2021, katika toleo 2.34, mbinu iitwayo ort, kazi ya Elijah Newren, ikawa ndiyo ya kawaida ya kuunganisha. Kasi yake hutokana kwa sehemu na kutotafuta majina yasiyoweza kubadili matokeo: faili ambalo upande wa pili haukuligusa halihitaji kutafutiwa jina lake jipya.

Pande mbili zikilipa faili moja majina mawili tofauti, hakuna ulinganisho unaoweza kusema lipi libaki. Hapo Git husimama, na anayeunganisha huchagua mwenyewe.