Mbwa Si Pipa la Taka: Makombo Yapi Umpe, Yapi Umnyime

Katika nyumba nyingi za kwetu mbwa hanunuliwi chakula chake. Anakula ugali uliobaki, mchuzi, mifupa, na siku mambo yakiwa mazuri, dagaa. Huenda umeshaambiwa kwamba hilo ni kosa, eti mbwa ni mla nyama tu. Si kweli.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, pamoja na wenzao walichapisha matokeo ya kulinganisha vinasaba vya mbwa na vya ndugu yake wa porini, mbwa mwitu wa kijivu. Waliangalia jeni ya amilesi, kile kimeng'enya kinachovunja wanga. Mbwa mwitu ana nakala 2 tu. Mbwa wa nyumbani ana nakala kuanzia 4 hadi 30! Maana yake ni kwamba kuishi na binadamu kumembadilisha, na ugali anaumeng'enya vizuri tu. Kinachopungua kwenye ugali ni protini na mafuta, kwa hiyo changanya na dagaa, yai la kuchemsha au vipande vya nyama. Na maji safi asikose.

Sasa shida iko wapi? Iko kwenye vitu vya aina mbili: tunavyokula sisi bila tatizo lakini yeye vinamdhuru, na tunavyovikataa sisi halafu tunamtupia yeye.

Salama kwako, sumu kwake

Anza na kitunguu, maji au saumu. Kina kemikali zenye salfa ambazo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kupika hakuziondoi. Kiasi cha gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kinatosha kumletea madhara, yaani kwa mbwa wa kilo 10 ni kama gramu 150, kitunguu kimoja kikubwa. Dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa: anachoka, fizi zinapauka, mkojo unakuwa mwekundu au wa kahawia. Kwa hiyo ugali wake usiuloweshe mchuzi wa kitunguu kila siku. Mtolee chake kabla hujaunga.

Chokoleti nayo ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo zake. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kumkwama kooni au kutoboa utumbo.

Umekikataa wewe, usimpe yeye

Mahindi yakiota ukungu, wengi husema, "Tumsagie mbwa." Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, ambayo hushambulia ini, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Ini la mbwa halina kinga ya ziada. Huko Marekani, mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, mbwa zaidi ya 110 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula cha dukani chenye sumukuvu. Mbwa wako akikataa kula, akitapika, na macho yakawa ya manjano, usisubiri kesho. Mwahishe kwa daktari wa mifugo, na umweleze alichokula.

Kisha kuna maini na mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe yaliyokutwa na vivimbe vya maji. Mchinjaji huyakata na kumrushia mbwa. Ndani ya vivimbe hivyo mna vichanga vya tegu mdogo sana, na vikifika kwenye utumbo wa mbwa vinakua. Mbwa mwenyewe haonyeshi ugonjwa wowote, lakini kinyesi chake kinabeba mayai, na mayai hayo hunata hata kwenye manyoya. Mtoto anayecheza naye akayameza anaweza kuota kivimbe kwenye ini au pafu, kikakua kimyakimya kwa miaka, na mara nyingi kikaishia kwenye upasuaji. Turkana, Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizowahi kurekodi viwango vya juu zaidi vya ugonjwa huu duniani.

Kinga yake haina gharama kubwa. Viungo vyenye vivimbe vichome au uvifukie kwa kina ambako mbwa hawezi kufukua. Vile vizuri vichemshe angalau nusu saa kabla ya kumpa. Mbwa mpe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kwa ratiba ya daktari wa mifugo, na watoto wanawe mikono kwa sabuni wakishamchezea.

Basi, makombo mpe, ila yawe yale ambayo ungeweza kuyala mwenyewe, na yatolewe kabla ya kitunguu kuingia sufuriani.