Kipepeo cha Mkoma na Kipepeo cha Karatasi

Joto la Garsen halihitaji kuhadithiwa. Mwezi wa Machi, mvua za masika zikiwa bado, hata kivuli cha mwembe hakitoshi. Hapo ndipo kila nyumba hutafuta kipepeo. (Si yule mdudu wa maua, la! Nasema kile cha kujipepea.)

Kipepeo chetu hutoka kwa mkoma, ule mti wa matunda magumu wanayogombania watoto na nyani. Msukaji hakati jani lililofunguka. Hutafuta kilele ambacho bado kimefumba. Hukianika juani, akakichana vipande vyembamba, na vingine akavichemsha kwa rangi. Ua la kipepeo hutokea katika kusuka kwenyewe. Kilele kikikatwa kila mara mti hudumaa, kwa hivyo msukaji mwenye akili huhama mti hadi mti.

Sasa twende Japani. Huko pambo halisukwi, huchapwa. Katika karne ya 19 mchoraji alichora kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika kifudifudi juu ya ubao, akachonga akiiacha mistari, na mchoro wenyewe ukaishia hapo hapo. Kila rangi na ubao wake! Karatasi ililazwa juu ya ubao uliopakwa rangi, ikasuguliwa mgongoni. Kisha picha ilikatwa kwa umbo la kipepeo na kubandikwa kwenye mbavu za mwanzi uliopasuliwa. Hiroshige, aliyefariki mwaka 1858, alichora mamia ya picha hizo: milima, mito, mvua. Wengine walichora waigizaji mashuhuri wa mjini.

Kila kiangazi zilitoka picha mpya, na zile za mwaka jana? Zilichakaa mkononi, zikatupwa. Ndiyo sababu zilizobaki ni chache, na nyingi kati ya hizo hazikupata kuonja mwanzi hata siku moja. Leo watu huzitazama katika makumbusho ya Victoria and Albert, London.

Na vyetu je? Kikichakaa hupepea makaa, halafu chenyewe huingia motoni. Siku hizi wengi wetu twajipepea kwa kipande cha boksi, basi. Kabati la chama chetu lina nafasi. Mwenye bibi anayesuka na alete kimoja, pamoja na jina la ua lake kama bibi anavyolitamka, kwa Kipokomo au kwa Kiswahili. Picha za Japani zina sahihi ya mchoraji. Hivi vyetu havina maandishi yoyote.