Vumbi la Minjingu na watoto wetu

Sisi wa Engutoto tukisikia neno mionzi, mawazo hukimbilia Chernobyl. Lakini shika barabara ya Dodoma, pita Makuyuni, utafika Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Pale huchimbwa fosfeti ya mbolea tangu miaka ya 1980, na mwamba wake una madini ya urani kwa asili. Ukisagwa, vumbi husafiri.

Watafiti waliochapisha matokeo mwaka 2000 walikuta mionzi ya hewani mgodini ni takriban mara 28 ya wastani wa dunia utokanao na ardhi. Anayekaa pale usiku na mchana mwaka mzima angepata kama milisiveti 12, ilhali kikomo cha mwananchi ni 1. Mboga za pale nazo zilikutwa na radiamu.

Inatisha, ndiyo. Ila hicho ni kipimo cha mgodini, si cha sebuleni kwako. Anayepima hatari huuliza zaidi ya "mionzi ipo?", kwa sababu ipo kila mahali. Huuliza imemfikiaje mtu: kwa kupumua, kula, kunywa au kukaa karibu? Kwa muda gani, na ana umri gani? Mtoto anayetambaa na kulamba vidole hapati sawa na baba yake. Kazi ngumu zaidi ni kujua ya miaka iliyopita, maana saratani haiji na lebo ya ilikotoka. Na katika kijiji kidogo, wagonjwa wawili tu wakiongezeka hesabu nzima hubadilika, hata kama ni bahati mbaya tu.

Kama baba anafanya kazi mgodini, nguo na viatu vya kazi vibaki nje na vifuliwe peke yake. Mawe au kifusi cha mgodi visijengee nyumba. Hutoa gesi ya radoni, nayo hujikusanya chumba kikifungwa. Mifuko ya mbolea isilale chumbani na watoto. Mboga zioshwe vizuri, maana vumbi hukaa juu ya majani.

Mwenye shaka aulize Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo ina ofisi hapa hapa Njiro na kazi yake ni kupima.

Na jamani, meno ya kahawia ya watoto wa huku Meru si mionzi. Hiyo ni floridi ya maji, na dawa yake ni kubadili maji ya kunywa mapema, kabla meno ya ukubwani hayajaota.