Sikio ni Amana



Siku moja chuoni mtoto mdogo alitusomea Suratul Kauthar. Tukamrudisha mara tatu kwa ile herufi ya thaa, kwani sisi tulisikia sin. Mara ya nne machozi yakamlengalenga, na mwanafunzi mkubwa aliyeketi kando akasema kwa adabu: “Maalim, ametamka sawasawa.” Basi kosa halikuwa katika ulimi wa mtoto; lilikuwa katika masikio yetu.

Kwa muda mrefu tulikuwa tukisikia mlio masikioni mfano wa nyenje wa usiku, wala hatukumwambia mtu. Nyumbani tukizidisha sauti ya redio hata jamaa wakanung’unika. Tulidhani kuwa sauti kubwa ndiyo dawa. Kumbe tulikuwa tukilitwisha mzigo sikio lililokwisha choka.

Ndani kabisa ya sikio mna seli ndogo zenye vinyweleo, nazo ndizo zipokeazo sauti na kuzipeleka kwenye ubongo. Zikifa kwa uzee, kwa makelele au kwa maradhi, kwa binadamu hazioti tena. Aghalabu hutangulia kufa zile zipokeazo sauti nyembamba. Na herufi kama thaa, sin, shin na fa sauti zake ni nyembamba tena dhaifu. Ndiyo maana mwenye kupungukiwa husikia kuwa watu wanasema, lakini hafahamu wasemalo. Ama ule mlio, mara nyingi ni ubongo unaojaribu kufidia sauti zisizomfikia tena. Mara nyingi hauna dawa ya kuuondoa kabisa, lakini mtu aweza kuuzoea hata usimsumbue.

Tulipokwenda hospitali tulipimwa, tukapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Twawanasihi wenzetu wasichelewe kama sisi. Pengine ni nta tu iliyoziba. Pengine ni dawa: kwinini na aspirini zikinywewa kwa wingi huleta mlio huo. Na mtu akipotewa na usikivu kwa ghafula, na aende kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani kuna matibabu yafaayo zaidi yakianzwa mapema.

Sasa, je, raha ya kusikiliza imekwisha? La, hasha. Juu ya vinanda wanavyuoni wamekhitilafiana, na hapa si mahali pa kuamua. Sisi twasema juu ya kisomo na kasida, ambazo nyumba zetu nyingi huzipenda.

Kwanza, tuliondoa makelele kabla ya kuongeza sauti. Televisheni huzimwa, nasi huketi karibu na spika. Chumba chenye mikeka na mapazia kina mwangwi mchache, na maneno hutambulikana vyema. Kisha tulipunguza besi ili mvumo mnene usiyafunike maneno.

Pili, twachagua msomaji wa taratibu. Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye kisomo chake cha murattal kilitangazwa redioni mwaka 1961, huipa kila herufi haki yake. Nasi hushika msahafu mkononi, na lile lisilofika sikioni hulikuta jicho. Mustafa Sadiq al-Rafi’i, mwandishi mkubwa wa Misri (1880–1937), alikuwa kiziwi kabisa alipokaribia miaka 30. Hata hivyo aliandika kitabu mashuhuri juu ya muujiza wa lugha ya Qur’ani.

Tatu, usiku kukiwa kimya mlio huzidi kujitokeza. Wengine huacha kisomo kikiendelea huku wamelala. Sisi twaona Qur’ani ina adabu ya kusikilizwa, basi hutumia mvumo wa feni, au sauti ya mvua iliyorekodiwa, kwa sauti ndogo.

Enyi vijana, neno hili ni lenu khasa. Shirika la Afya Duniani lasema vijana zaidi ya bilioni 1 wamo katika khatari ya kuharibu usikivu wao kwa kusikiliza vibaya. Kipimo chake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma; ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu. Basi mwenye spika za masikioni na apunguze sauti, na mwenye kuhudhuria Maulidi asiketi mbele ya vipaza sauti. Kasida husikika vyema hata ukiwa nyuma.

Nanyi watu wa nyumbani, msemeshe mzee mkimwelekea usoni, kwa utulivu. Kupiga kelele huiharibu sauti, na kumcheka humfanya akae peke yake.

Ama sisi, kesho yake tulimwomba yule mtoto radhi mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo msomaji huketi mbele ya uso wetu tuione midomo yake, na yule mwanafunzi mkubwa huketi nasi awe sikio la pili kwa herufi zile. Tuliona haya mwanzoni. Lakini miwani twaivaa bila haya ili tusome. Kwa nini tukionee haya kifaa cha kusikia? Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Letu halijafa, limepungua tu. Na amana iliyopungua huhitaji kuchungwa zaidi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie masikio yetu na ya watoto wetu. Amin.