MPIRA USIANGUKE: MCHEZO ULIO NDANI YA SAA

Fungueni madaftari yenu. Leo tutatazama kichezeo kimoja cha mkononi, tujue kinavyofanya kazi na aliyekibuni.

Bila shaka mnaujua mdako. Mtoto hurusha kijiwe juu, huchota vingine shimoni upesi, kisha hukidaka kile cha juu kabla hakijaanguka. Mwaka 1980, huko Japani, kampuni ya Nintendo ilitoa mchezo wenye wazo kama hilo, lakini wa umeme. Jina lake ni Ball, yaani Mpira.

Katika kioo chake amesimama mtu mmoja akirusha mipira. Kuna vitufe viwili: cha kushoto na cha kulia. Ukibonyeza, mikono ya mtu yule husogea, nawe huidaka mipira inaposhuka. Mchezo wa kwanza una mipira miwili, na kila mdako ni alama 1. Mchezo wa pili una mipira mitatu, na kila mdako ni alama 10. Mpira mmoja ukianguka, mchezo umekwisha. Usipocheza, kioo hukuonyesha saa.

Je, picha zile hutembeaje? Kwa kweli hazitembei. Chukua kikokotoo cha dukani, utazame tarakimu 8. Imeundwa kwa vipande saba. Vipande viwili tu vikitokea, unasoma 1. Vitatu, unasoma 7. Kati ya vioo viwili vyembamba mna kimiminika. Umeme ukipita mahali fulani, mwanga huzuiwa, na mahali pale huonekana peusi. Katika Ball kila mkono na kila mpira vilikwisha kuchorwa mahali pake. Umeme huonyesha huu, kisha ule, na jicho lako hudhani mpira umeruka. Kioo hicho hakitoi mwanga wake, basi gizani huoni kitu. Lakini hutumia umeme kidogo sana, ndiyo maana betri ndogo za saa zinatosha.

Aliyebuni mchezo huu ni Gunpei Yokoi. Mwaka 1965 aliajiriwa na Nintendo kutunza mashine za kutengenezea karata. Alijitengenezea mkono wa kuchezea unaorefuka. Mkuu wa kampuni akauona, akaagiza utengenezwe uuzwe. Ukauzwa mwaka 1966. Baadaye, kama alivyoeleza mwenyewe, alimwona abiria katika treni akibonyeza kikokotoo ili kupoteza wakati. Ndipo wazo la mchezo mdogo wa mfukoni likamjia. Vioo vya vikokotoo vilikuwa vimekwisha zoeleka na bei yake imeshuka. Yokoi hakungoja chombo kipya. Alikitazama cha zamani kwa jicho jipya. Michezo ya aina hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 40. Yokoi alifariki mwaka 1997 katika ajali ya barabarani.

Mchezo wake haukufa. Mwaka 2010 Nintendo iliutengeneza tena Japani, uwe zawadi kwa wanachama wa klabu yake. Tarehe 13 Novemba 2020 ukatokea tena ndani ya kichezeo chenye kioo cha rangi, na safari hii mrushaji ana kichwa cha Mario. Kioo cha sasa kina nukta nyingi ndogo zinazoweza kuchora picha yoyote. Kile cha 1980 kiliweza kuonyesha tu yale yaliyochorwa tangu kiwandani.

Ndugu mwanafunzi, nawe una herufi chache tu ulizojifunza, nazo ni za zamani sana. Lakini kwa kuzipanga upya unaandika barua ambayo haijapata kuandikwa na mtu.

MASWALI
1. Tarakimu 4 ina vipande vingapi? Ichore.
2. Kwa nini mchezo wa zamani haukuweza kuchezwa gizani?
3. Yokoi aliajiriwa kufanya kazi gani?
4. Taja kitu cha zamani nyumbani kwako, uandike sentensi mbili juu ya kazi mpya kinayoweza kufanya.

Kwaherini mpaka somo lijalo.